Naandika nia saba kila asubuhi, na siku bado inanitoroka

Shangazi, pokea salamu kutoka Kisumu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, na kazi yangu ni ushonaji. Nina kibanda karibu na soko la Kibuye, cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, na msichana anayenisaidia msimu wa sare za shule. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo hadi Busia na Malaba. Nyumbani anafika mara mbili kwa wiki, wiki nyingine mara moja.

Shida yangu si ugomvi wa ndoa, na si pesa, ingawa pesa hazitoshi. Shida yangu ni kwamba siku zinapita na mimi simo. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nashika simu nitazame saa, na kabla sijaiweka chini nimeshasoma ujumbe wa wateja watatu, wa chama, na wa wazazi wa shule. Kutoka hapo ni mbio tu. Jioni ukiniuliza leo imekuwaje, nitakuambia nimechoka. Zaidi ya hapo sina la kusimulia.

Mwezi wa kwanza, tulipokuwa tunakesha na sare, rafiki yangu wa chama alinitumia sauti ya mama mmoja anayefundisha watu kuishi kwa utulivu. Alisema kila asubuhi mtu aandike nia za siku yake. Maneno yale yaliniingia. Nilinunua daftari lenye jalada gumu nikaanza: leo nitakuwa mtulivu, leo nitashukuru, leo nitakuwa makini, leo sitakuwa na haraka, leo nitakuwa karibu na watoto wangu, mpaka nia saba. Wiki ya kwanza nilijisikia mwepesi. Ya pili nikawa naandika kama mtoto aliyepewa adhabu ya kunakili. Ya tatu nikaliacha.

Kilichoniondoa moyo ni mambo mawili. Mteja aliniletea kitambaa kizuri cha suruali ya mwanawe, cha kupimia, hakina ziada. Nilikata mguu wa kwanza. Simu ikalia, nikaijibu huku naendelea, nikautandaza ule wa kwanza juu ya kitambaa nikakata wa pili kwa kuufuata, bila kuugeuza. Nilipoinua, miguu yote miwili ilikuwa ya kushoto. Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa yangu. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, leo nitakuwa makini.

La pili ni la binti yangu mdogo, yuko gredi ya tatu. Akitoka shule saa tisa anakuja kibandani. Siku hiyo aliingia akicheka, akaanza kunieleza habari ya mbuzi aliyeingia darasani mwao mwalimu akiwa ubaoni. Mimi nilikuwa najibu ujumbe wa mteja. Nikawa naitikia, ehe, ehe. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi mama, si kitu," akachukua begi lake akaenda kukaa nje. Nilipomuuliza baadaye mbuzi alifanya nini, alisema amesahau. Hakuwa amesahau, Shangazi. Nilimwona usoni.

Sasa nauliza. Je, ni mimi nisiye na nia, au haya mambo ni ya watu wenye nafasi, wenye kuamka na kukaa na kikombe cha chai wakitazama ziwa? Simu siwezi kuizima: mume wangu yuko barabarani na wateja wananipata humo humo. Tena dada mmoja wa kanisani aliniambia kutulia na kufuatilia pumzi ni ibada ya dini nyingine, nikaogopa. Usiku mwingine nazinduka saa nane moyo ukinienda mbio, nawaza mambo niliyosahau. Methali inasema penye nia pana njia. Mbona mimi nina nia saba na njia siioni?

Mama Wawili, Kisumu

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pa mbuzi.

Zamani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kakamega. Mama yangu alikaa Bungoma, na kila Jumapili jioni alinipigia simu. Jumapili moja alinikuta na rundo la karatasi za mtihani. Nikaibana simu kwa bega, nikaendelea kusahihisha, nikawa namwitikia: ehe, kumbe, sawa mama. Alikuwa ananieleza habari ya mti uliokatwa pale nyumbani. Alhamisi iliyofuata akafariki. Mpaka leo naweza kukutajia mtoto aliyepata alama 38 katika karatasi zile. Lakini ni mti gani, aliukata nani, na kwa nini ulimuuma mama hata akaona anipigie aniambie, sijui. Nimewauliza ndugu zangu, na kila mmoja anataja mti wake.

Kwa hiyo unaponiambia ulimwona binti yako usoni, nakuelewa. Wewe una bahati niliyoikosa mimi. Kesho saa tisa atakuja tena.

Tuanze na methali yako, maana umeitaja vizuri na jibu limo ndani yake. Watu wengi huisoma kana kwamba inasema mwenye nia ana njia, kwamba nia ni sifa ya mtu, huyu anayo na yule hana. Haisemi hivyo. Inasema *penye*. Penye ni mahali, tena mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole: penye mlango, penye jiko, penye meza ya kukatia. Nia ina pahali pake, na njia inaanzia pahali hapo hapo.

Sasa chukua nia zako saba uzitazame kwa jicho hilo. Leo nitakuwa makini. Makini wapi? Saa ngapi? Mkononi una nini, na mbele yako yuko nani? Leo nitakuwa karibu na watoto. Wakati gani hasa, wakiwa wanakula, wakiwa wanaoga, au wakiwa wamelala? Ulikuwa unaandika jina la mwanamke unayetamani kuwa, mara saba kila asubuhi, kisha unafunga daftari unaliacha chini ya mto, unapanda tuktuk kwenda Kibuye. Nia imebaki kitandani, na mkasi uko kibandani. Ule mguu wa pili wa suruali ulipokatwa, nia ya umakini haikuwa hapo kukushika mkono. Hukuikosa nia, mwanangu, uliiacha nyumbani.

Jambo hili limepimwa. Mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu tofauti ya mtu anayesema "nataka kufanya hivi" na mtu anayesema "ikifika hali fulani, mahali fulani, nitafanya hivi." Mwaka 2006 yeye na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya aina hiyo, na wale waliofunga nia yao kwenye hali inayojulikana walitimiza zaidi, tena kwa tofauti ya kuonekana. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ukishaamua mapema kwamba jambo fulani likitokea utafanya hivi, hilo jambo lenyewe ndilo linalokukumbusha. Huhitaji kubeba nia kichwani kutwa nzima kama mtungi wa maji.

Na kwa majirani zetu Waislamu hili ni la siku zote. Anayefunga Ramadhani hutia nia usiku, kabla ya alfajiri, kwa ajili ya funga ya kesho. Ni nia ya tendo moja, yenye wakati wake wa kuanza na wakati wake wa kwisha. Kiswahili chenyewe kinasema *kutia* nia, kama mtu anavyotia chumvi kwenye chungu. Lazima kuwe na chungu.

Basi nakuomba upunguze kutoka saba hadi moja. Najua moja inaonekana ni kidogo, hasa kwa mtu aliyechoka ambaye angependa maisha yote yabadilike kwa mkupuo. Yule mama wa ile sauti simlaumu, ana nia nzuri, lakini orodha ya saba inamfaa mtu ambaye hakuna anayembishia mlango. Wewe unabishiwa kutwa.

Ipi hiyo moja? Wengine wangekuambia uanze na mkasi, kwa kuwa hapo ndipo pesa ilipopotea. Mimi nasema anza na binti. Kitambaa ulikinunua kingine.

Iandike hivi, kwa maneno haya au ya kwako yanayofanana nayo: *Mtoto akiingia na kuweka begi chini, simu inaingia kwenye kopo la vifungo, nami namtazama usoni mpaka amalize.* Angalia ilivyojengwa. Haisemi nitakuwa mama mwema. Ina begi linalogusa sakafu, na hilo utalisikia hata ukiwa umeinamia sindano. Ina kopo, na kila fundi ana kopo la vifungo karibu na mkono wake. Na ina mwisho: mpaka amalize. Habari ya mtoto wa gredi ya tatu huchukua dakika tano, siku ya neema kumi. Hapo nakujibu pia kuhusu watu wenye nafasi. Hili halidai ziwa wala kikombe cha chai, na hata mwenye nyumba ya kutazama ziwa anaweza kuitikia ehe mbele ya mwanawe.

Mguu uondoe kwenye kanyagio, au uzime ile ya umeme. Mtoto anajua tofauti kati ya mama aliyesimamisha kazi na mama anayeisubiri. Siku za kwanza huenda asiseme lolote. Alishaambiwa ehe mara nyingi, atataka kuhakikisha kwanza. Usimhoji kuhusu mbuzi. Mpe maji, kaa naye, mwache ashike vifungo. Atarudi mwenyewe.

Mkasi nao una dawa fupi, wala sitauita nia, ni kanuni tu ya kazi: mkasi ukiwa mkononi, simu haijibiwi. Kama daktari wa upasuaji.

Simu hujaombwa uizime, na hofu yako juu ya mume wako ni ya haki. Barabara ya Busia si ya kuchezea. Mwekee mlio wa peke yake, tofauti na wa watu wote, ili hata simu ikiwa ndani ya kopo ujue ni yeye. Huyo utamjibu. Wateja waambie utajibu ujumbe saa nne, saa saba na saa kumi na moja. Bandika karatasi hapo hapo ulipobandika ile ya nguo zisizochukuliwa. Utaogopa kwamba watahama. Wachache huenda wakanung'unika, lakini mteja anahama fundi anayemkatia miguu miwili ya kushoto kabla hajamhama fundi anayechelewa kumjibu kwa saa chache. Na kuhusu alfajiri, nunua saa ya mezani yenye kengele, pale Kibuye hukosi ya bei nafuu. Ukitaka kujua saa, utazame saa. Simu ilale sebuleni.

Umeniuliza kama kasoro ni yako. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250. Walikuwa wakiwashtua kwa simu wakati wowote wa mchana na kuwauliza: unafanya nini sasa hivi, na unawaza nini? Karibu nusu ya nyakati, asilimia 46.9, mawazo yalikuwa mbali na kazi iliyo mkononi. Na mawazo yakiwa mbali, watu walisema hawana furaha kama wanapokuwa pale walipo. Nakuambia haya usije ukadhani kutokuwapo ni ugonjwa wako peke yako pale Kibuye. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo. Kinatangatanga, nasi kazi yetu ni kukirudisha, bila kukichapa.

Na hapo kwenye kuchapa ndipo napoona ulijidhulumu. Uliacha wiki ya tatu. Huko London, Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo moja la kufanya kila siku baada ya tukio fulani, mfano baada ya kifungua kinywa. Wakasubiri waone litachukua muda gani mpaka lifanyike lenyewe bila kusukumwa. Wa katikati alihitaji siku 66. Kulikuwa na wa siku 18, na kulikuwa na aliyekadiriwa kuhitaji siku 254. Tena waligundua kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe ulijihukumu siku ya ishirini na moja, ukiwa na mambo saba, katikati ya msimu wa sare! Hata cherehani mpya huipi kazi ya namna hiyo.

Kwa hiyo itatokea siku utamwitikia tena ehe. Mteja atakuwa amesimama mlangoni, umeme umepotea, na mvua ya alasiri inabisha kwenye mabati. Siku hiyo usilie juu ya daftari. Mwambie mtoto, "Samahani mwanangu, sikukusikia vizuri, nisubiri nimalize hili unianzie upya," kisha umalize kweli, umrudie. Mimi naamini watoto hutusamehe upesi tukikiri.

Kuhusu dada yako wa kanisani, usimdharau, anakupenda. Lakini usiogope. Ni kweli mafunzo haya ya kutulia na kufuatilia pumzi yana mizizi katika dini ya Buddha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, aliyaondoa kwenye mavazi ya dini akaanza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, hospitalini. Ukitaka kuyafuata, ni juu yako. Mimi sijakuagiza pumzi. Nimekuagiza umtazame mtoto wako usoni, na hilo sijui kanisa litakalokukataza. Kama unasali asubuhi, itie nia yako hapo hapo ndani ya sala, useme begi na kopo kwa majina yake. Mungu hachoshwi na mambo madogo.

Hizo usiku za kuzinduka saa nane moyo ukienda mbio, hapo nakuomba usikilize kwa makini. Kama zinakujia mara moja moja msimu wa kazi nyingi, huenda simu kulala sebuleni ikakusaidia sana. Lakini kama zimeendelea wiki mbili na zaidi, au chakula hakipiti, au unaanza kuona afadhali usiwepo, hilo si la daftari wala la Shangazi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wenyeji mnaiita Russia, ueleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Wapo wanaoshughulikia afya ya akili, na kwenda kwao ni sawa na kwenda kupimwa malaria.

Daftari lako usilitupe. Lile jalada gumu ulilinunua kwa moyo mzima. Ila libadilishie kazi. Asubuhi usiandike chochote. Nia ni moja na utaijua kwa kichwa kufikia Jumatano. Andika jioni, watoto wakishalala, mstari mmoja. Usiandike "leo nimefaulu" au "leo nimeshindwa", hilo ni kurudi kwenye karatasi za mtihani, na mimi nimekueleza zilinigharimu nini. Andika alichosema. Neno lake lenyewe, kama alivyolitamka. "Leo amesema mwalimu ana viatu vinavyolia." Kama hakusema kitu, andika alivyoshika vifungo, alichagua rangi gani. Siku ukikosa la kuandika, acha mstari wazi, uendelee kesho.

Mume wako akirudi kutoka safari, msomee. Yeye pia yuko mbali na mambo haya wiki nzima, na huenda ukakuta anauliza kurasa za siku ambazo hakuwepo.

Baada ya miezi miwili hivi, ukiona simu inaingia kwenye kopo kabla hujaifikiria, ndipo uchague mahali pa pili. Sina haraka ya kukuchagulia. Utakuwa unapajua mwenyewe.

Niandikie wakati huo. Na binti akishakuambia yule mbuzi alitolewaje darasani, usiache kuniandikia hilo pia. Nataka kujua.

Shangazi